Si malaria, basi ni nini?

Mwaka 2014 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara, ambao ulistahili kubandikwa ukutani katika kila zahanati ya Afrika Mashariki. Watafiti waliwachukua watoto 1,005 waliofikishwa kliniki wakiwa na homa, wakawapima kwa njia nyingi ambazo zahanati ya kawaida haina, kisha wakatafuta chanzo cha homa ya kila mmoja. Asilimia 70.5 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Ugonjwa wa bakteria ulipatikana kwa asilimia 22, na ule wa vimelea, malaria ikiwemo, kwa asilimia 10.9. Baadhi yao walikuwa na zaidi ya ugonjwa mmoja, ndiyo maana jumla inapita mia. Kwa hesabu ya haraka, kati ya watoto kumi wenye homa, wawili hivi ndio waliokuwa na maradhi ambayo antibiotiki inaweza kuyatibu. Weka kando ya hesabu hiyo matokeo ya utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2017 kutoka vituo vya afya vya Dar es Salaam: katika huduma ya kawaida, asilimia 94.9 ya watoto wenye homa waliandikiwa antibiotiki. Wanaoihitaji ni wawili, wanaopewa ni tisa.

Pengo hilo tumezoea kulieleza kama tatizo la tabia. Tunamlaumu mgonjwa asiyemaliza dozi, muuza duka la dawa anayetaka mauzo, mzazi anayedai sindano kwa kila mafua. Lawama hizo zina ukweli ndani yake, lakini hazifiki kwenye mzizi. Hoja yangu ni kwamba tunatibu bakteria bila kujua kama yupo, ni yupi, na yuko sehemu gani ya mwili, kwa sababu mifumo yetu ya afya haijanunua uwezo wa kuuliza maswali hayo. Dawa imefika hadi kijijini. Kipimo kimebaki mjini. Mradi hali ni hiyo, mabango ya kuwasihi watu wasitumie dawa ovyo hayatafua dafu, maana hata mhudumu mwadilifu kabisa, akiwa hana kipimo, hana njia nyingine ila kubahatisha.

Tuanze na bakteria wenyewe, kwa kuwa kubahatisha kwetu kunaanzia kwenye picha mbaya tuliyo nayo juu yao. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016, ambayo wanasayansi wengi huyategemea leo, yanasema mwili wa mtu mzima una seli zake mwenyewe trilioni 30 hivi na bakteria trilioni 38 hivi. Wengi wao wanaishi katika utumbo mpana, na uzito wao wote haufiki nusu kilo. Wana kazi. Huchachusha nyuzinyuzi za dona, maharage na mboga ambazo utumbo wetu hauwezi kuzisaga, wakatoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Baadhi hutengeneza vitamini K, inayohitajika ili damu igande. Na kwa kuwepo kwao tu, kwa kuijaza nafasi na kukimaliza chakula, huwazuia bakteria wabaya wasipate pa kuota. Hili la mwisho lina ushahidi wa kushangaza. Kuna bakteria aitwaye Clostridioides difficile, ambaye huzuka baada ya antibiotiki kuwafagia wenzake tumboni na kuleta kuhara kunakoweza kuua. Mwaka 2013 madaktari wa Uholanzi walitoa matokeo ya jaribio ambalo wagonjwa wa aina hiyo waliingiziwa tumboni kinyesi kilichochujwa cha watu wenye afya. Kati ya wagonjwa 16, 13 walipona baada ya kupewa mara moja; kati ya 13 waliotibiwa kwa antibiotiki ya kawaida ya ugonjwa huo, walipona 4 tu. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa matokeo yalikuwa wazi mno.

Tanzania ina nafasi ya pekee katika sayansi hii. Wahadza wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi wamechunguzwa kwa miaka kadhaa kwa sababu bado wapo kati yao wanaokula mizizi, matunda pori, asali na nyama ya kuwinda, na antibiotiki ni adimu katika maisha yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Cell uliona kuwa utumbo wa Mhadza una wastani wa aina 730 za vijiumbe, wakati wa mkazi wa California una aina 277. Wapo wanaoyachukua matokeo kama haya na kuyageuza kuwa sifa za umaskini, kana kwamba uchafu ni afya na usafi ni ulimbwende. Hapana. Bakteria wanaosaga nyuzinyuzi hawaji kwa kunywa maji ya kisima kilichochanganyika na choo. Huko hutoka kipindupindu na homa ya matumbo. Funzo la Wahadza ni dogo kuliko hilo na lina uzito zaidi: ndani ya mwili kuna jamii hai inayoweza kupungua, na kila antibiotiki tunayomeza inaipunguza, iwe tuliihitaji au hatukuihitaji.

Jamii hiyo haigawanyiki katika wema na wabaya kama wengi wanavyodhani. Escherichia coli wengi huishi utumboni bila kumdhuru mwenyeji wao. Wakiingia kwenye kibofu huleta yale maradhi ambayo kila mtu sasa huyaita UTI, na wakiingia kwenye damu ya kichanga wanaweza kumuua ndani ya siku moja. Bakteria mkuu wa nimonia kwa watoto, Streptococcus pneumoniae, hukaa puani mwa watoto wengi wazima wanaocheza na kusoma bila shida yoyote. Hata Helicobacter pylori, ambaye Waaustralia Barry Marshall na Robin Warren walithibitisha kuwa huleta vidonda vya tumbo, na kwa kazi hiyo wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, huishi tumboni mwa mamilioni ya Waafrika ambao hawatapata kidonda maisha yao yote. Kuwepo kwa bakteria, basi, si ugonjwa. Ugonjwa unategemea ni aina gani, amefika wapi, ni wengi kiasi gani, na mwili uliompokea una nguvu gani. Anayetaka kutibu kwa haki analazimika kuyajua hayo, au angalau kuyakaribia.

Nisieleweke kwamba bakteria hawatishi. Wanatisha, pengine kuliko tunavyokiri. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa watoto waliolazwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, uliolinganisha vifo kwa sababu zake. Kati ya watoto waliokuwa na malaria walikufa asilimia 20.2. Kati ya wale waliokuwa na bakteria wa kundi liitwalo Gramu-hasi kwenye damu, walikufa asilimia 43.5, yaani zaidi ya mara mbili. Miongoni mwa mambo yaliyotabiri kifo ni kupewa antibiotiki ambayo bakteria husika alikwisha kuwa sugu kwake. Mtoto wa namna hiyo hakukosa dawa. Alipewa dawa iliyokuwa imechakaa, na iliyoichakaza haikuwa dozi yake. Ilichakazwa na dozi za wengine, kwa miaka mingi, nyingi kati yake zikiwa zimemezwa kwa mafua na kikohozi cha virusi ambavyo antibiotiki haiwezi kuviua.

Hapo ndipo penye kiini, na panahitaji maelezo ya taratibu. Watu wengi wanadhani mwili wa mgonjwa ndio unaoizoea dawa. Mwili hauzoei kitu. Wanaobadilika ni bakteria. Usugu ni wa kale kuliko matumizi yetu: mwaka 1940, kabla penisilini haijaanza kutumika kwa wagonjwa wengi, Edward Abraham na Ernst Chain walikwisha kueleza kimeng'enya cha bakteria kinachoivunja. Alexander Fleming aliyeigundua penisilini alionya katika hotuba yake ya Nobel ya Desemba 1945 kwamba kipimo pungufu cha dawa kitawafundisha bakteria kuivumilia. Ambacho Fleming hakuweza kukijua wakati ule ni kwamba bakteria hurithishana usugu hata nje ya ukoo. Hubeba vipande vidogo vya mviringo vya DNA, plasmidi, na kupeana, aina moja kwa aina nyingine. Kwa hiyo mtoto mwenye mafua akipewa amoksilini isiyo na kazi, bakteria wasio na hatia walioko utumboni mwake ndio wanaochujwa: dhaifu wanakufa, sugu wanabaki na kuongezeka. Hawamuumizi. Lakini akiba yao ya usugu iko tayari kuchukuliwa na bakteria mwuaji atakayepita hapo kesho, au kusafiri kupitia choo, maji na mikono hadi kwa jirani. Mwaka 2022 jarida la Lancet lilichapisha makadirio kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu bakteria waliowashambulia walikuwa sugu kwa dawa, na kwamba kiwango cha vifo kilikuwa kikubwa zaidi Afrika Magharibi kusini mwa Sahara.

Ukishaelewa hivyo, utaona kwa nini wito wa "maliza dozi" umebeba mzigo usio wake. Mgonjwa wa kifua kikuu lazima amalize dozi, na yeyote aliyeandikiwa dawa afuate maelekezo ya aliyemwandikia. Lakini kwa mtoto mwenye virusi, kumaliza dozi ni kuwachuja bakteria wake kwa siku saba badala ya mbili. Swali lililopaswa kuulizwa ni kama dozi hiyo ilistahili kuanzwa, na hilo halimhusu mgonjwa. Linamhusu aliyeiandika, na nyuma yake linaihusu serikali iliyomkalisha aiandike bila kitu mkononi.

Tazama vitu alivyonavyo mkononi. Katika vituo vingi anacho kipimo cha haraka cha malaria, na ni kizuri. Shida ni kwamba kipimo hicho kikisema hapana, hakisemi ni nini. Utafiti uliochapishwa na jarida la BMJ mwaka 2017, uliojumlisha takwimu za nchi kadhaa, ulionyesha kwamba vipimo hivyo vilipoenea, antibiotiki ziliongezeka, na waliokutwa hawana malaria ndio waliopewa zaidi. Kubahatisha hakukuondoka, kulihama kabati. Kitu cha pili alichonacho ni kipimo cha Widal, kilichobuniwa Ufaransa mwaka 1896, ambacho ndicho chanzo cha ile kauli tunayoisikia kila mtaa, kwamba fulani amekutwa na malaria na taifodi kwa pamoja. Widal haimtafuti bakteria. Hutafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili uliziacha ulipokutana na bakteria huyo au ndugu zake, na alama hizo hudumu muda mrefu baada ya ugonjwa kwisha. Katika nchi ambako watu wengi wamewahi kukutana na jamii hiyo ya bakteria, Widal iliyofanywa mara moja inaweza kumpa mtu mwenye mafua cheti cha taifodi. Katika utafiti ule wa Dar es Salaam na Ifakara, taifodi, yaani homa ya matumbo, ilipatikana kwa asilimia 3.7 tu ya watoto. Linganisha na idadi ya watu unaowasikia wakisema wana taifodi, halafu ujiulize ni kiasi gani cha siprofloksasini na seftriaksoni kinatumika kutibu kumbukumbu.

Njia ya kumjua bakteria mwenyewe ipo, na ina umri wa zaidi ya karne. Robert Koch na wenzake waliijenga misingi yake miaka ya 1880, na leo hufanywa hivi: chukua damu, mkojo au makohozi, otesha, angalia anayeota, kisha jaribu ni dawa gani inamuua. Kuotesha kunahitaji umeme usiokatika, vifaa, na fundi wa maabara aliyefunzwa. Hospitali kubwa za rufaa zinaweza. Nyingi za wilaya na kaunti haziwezi, au zinaweza kwa msimu, kemikali zikiwepo. Hata ikiwezekana, majibu huchukua siku mbili au tatu. Kwa hiyo sisemi kwamba zahanati ya kijiji iwe na maabara ya kuotesha. Nasema kwamba hospitali ya wilaya bila maabara hiyo haijakamilika, kama ambavyo haijakamilika bila chumba cha upasuaji. Na zahanati nayo haijahukumiwa kubahatisha milele. Utafiti ule wa Dar es Salaam wa 2017 ulijaribu programu ya kielektroniki inayomwongoza mhudumu hatua kwa hatua: amuulize mzazi nini, amkague mtoto vipi, na lini apime alama chache za damu na oksijeni. Watoto walioandikiwa antibiotiki walishuka hadi asilimia 11.5, na walioshindwa kupona walikuwa wachache kuliko wale waliotibiwa kwa mwongozo wa zamani. Mwaka 2024 jarida la Nature Medicine likatoa matokeo ya jaribio kubwa zaidi la mfumo wa aina hiyo katika vituo 40 vya Mbeya na Morogoro. Katika vituo vya kawaida watoto walioandikiwa antibiotiki walikuwa asilimia 70.1. Katika vituo vyenye mfumo huo walikuwa asilimia 23.2, na watoto hawakudhurika zaidi. Haya yamefanyika Tanzania, kwa wahudumu wa Tanzania, kwa watoto walewale wa foleni zilezile. Mhudumu aliyekuwa na njia ya kuuliza aliacha kubahatisha, bila kuhubiriwa.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu ni zito, na linatoka kwa watu wenye nia njema. Wanasema Afrika inaua watoto kwa kukosa antibiotiki kuliko kwa kuzitumia kupita kiasi. Makadirio yaliyochapishwa katika Lancet mwaka 2016 yaliwaunga mkono: kama kila mtoto duniani mwenye nimonia angeipata dawa, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano takriban 445,000 kwa mwaka vingezuilika. Kwa familia iliyo mbali na daktari, duka la dawa ndiyo kliniki, na ndiyo maana Tanzania ilianzisha programu ya Maduka ya Dawa Muhimu, ikianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, ili maduka hayo yasajiliwe na wauzaji wafunzwe badala ya kufungwa tu. Nakubaliana nao. Kufunga maduka na kukamata wauzaji bila kuweka kitu mahali pake kutamwadhibu maskini. Lakini tazama vizuri: mtoto mwenye nimonia aliyekosa dawa na mtoto mwenye mafua aliyepewa dawa wanaishi katika kijiji kimoja na wamekwama kwa sababu ileile, kwamba hakuna aliyeweza kuwatofautisha. Uwezo wa kuwatofautisha humpa wa kwanza dawa yake na kumwokoa wa pili kutoka kwenye dawa isiyomhusu. Pale ambapo muda haupo, kama kwa kichanga aliyezimia kwa homa, dawa ianze mara moja. Damu ichukuliwe kwanza kwa ajili ya kuotesha, na majibu yakija dawa ibadilishwe au isimamishwe. Dharura haihalalishi ujinga wa kudumu.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, kwa kuwa limekuja na jaribio. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa MORDOR uliofanyika Niger, Malawi na Tanzania. Watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miezi 59 walipewa azithromaisini mara mbili kwa mwaka, bila kipimo chochote, wagonjwa na wazima pamoja. Ukiwalinganisha na waliopewa dawa isiyo na kiungo cha tiba, vifo vyao vilipungua kwa asilimia 13.5. Je, hapo kubahatisha hakukuokoa maisha? Kuliokoa, na mwandishi anayetetea vipimo hana haki ya kulificha hilo. Ila faida hiyo haikugawanyika sawa. Niger, ambako watoto walikuwa wakifa zaidi, vifo vilipungua kwa asilimia 18.1, Malawi asilimia 5.7, Tanzania asilimia 3.4, na tofauti hizi mbili za mwisho ni ndogo kiasi kwamba zingeweza kuwa bahati tu. Uchunguzi uliofuata Niger ulikuta vinasaba vya usugu dhidi ya familia ya dawa hiyo vimeongezeka katika utumbo wa watoto. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo mwaka 2020 liliifungia njia hiyo kwenye maeneo yenye vifo vingi mno vya watoto wachanga, na likataka usugu ufuatiliwe. Kwa hiyo kumwaga dawa kwa wote ni hatua ya mahali ambako kila kitu kingine kimeshindikana, na faida yake husinyaa kadiri huduma nyingine zinavyofika. Nchi inayoujenga mfumo wake haiwezi kuifanya kuwa desturi.

Pingamizi la tatu ni jepesi: kwamba dawa mpya zitakuja. Plazomicin iliidhinishwa Marekani mwaka 2018, na kampuni iliyoitengeneza, Achaogen, ikaomba kulindwa na sheria ya ufilisi mwaka uliofuata, kwa kuwa dawa ambayo madaktari wanaagizwa waitumie kwa uchache haiwezi kumrudishia mtaji mwekezaji. Soko halitatuokoa. Na hata dawa mpya ikija, ikiingia katika mfumo uleule wa kubahatisha itachakaa kama zilizotangulia, baada ya kutugharimu zaidi ya zile za zamani.

Kitakachopunguza haja ya antibiotiki kuliko dawa yoyote ni kuwazuia bakteria wasifike mahali wasipotakiwa, na hapa pia ushahidi uko nyumbani. Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya bakteria wa nimonia mwaka 2011. Watafiti wa Kilifi waliofuatilia miaka iliyofuata waliona magonjwa makali yanayotokana na aina za bakteria zilizomo kwenye chanjo yamepungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kila mtoto ambaye hakuugua ni dozi ambayo haikumezwa. Jaribio la Blantyre, Malawi, lilionyesha kuwa chanjo mpya ya homa ya matumbo huwakinga watoto kwa zaidi ya asilimia 80, habari njema hasa kwa kuwa nchini Pakistani, tangu mwaka 2016, imeenea aina ya bakteria huyo iliyo sugu kwa karibu dawa zote za kawaida. Ama kipindupindu, kilichozuka Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa katika mikoa mingi, hakihitaji maelezo marefu: tiba yake kuu ni maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo sahihi, na kinga yake ni maji safi na choo. Mfereji wa majitaka ni sehemu ya sera ya antibiotiki, hata kama bajeti yake iko wizara nyingine.

Inabaki hoja ya fedha, ambayo huzima mijadala ya aina hii. Kipimo, tunaambiwa, ni ghali kuliko tembe. Kwa mgonjwa aliyesimama dirishani ni kweli: tembe za amoksilini zinaweza kumgharimu kidogo kuliko kuoteshwa mkojo wake. Lakini bei hiyo ni ya uongo, kwa kuwa haimhesabu mtu wa tatu. Gharama ya kipimo hulipwa leo na mtu mmoja, kutoka mfuko wake. Gharama ya dawa iliyotolewa kwa kubahatisha hulipwa baadaye na mwingine, kwa siku za ziada wodini, kwa sindano za bei kubwa, na wakati mwingine kwa kaburi. Kitu ambacho hasara yake ni ya wote hakiwezi kuachwa kinunuliwe na mgonjwa mmojammoja kwa uwezo wake. Kwa hiyo kipimo cha homa kinapaswa kulipwa na umma, kupitia bajeti na bima, na kulipwa kikamilifu. Bima zilipie kuotesha kabla ya kulipia antibiotiki nzito, na ziache kulipia Widal. Kila hospitali ya wilaya na kaunti iwe na maabara inayootesha mwaka mzima, na matokeo yake yarudishwe kwa zahanati zinazoizunguka, ili mhudumu ajue mwaka huu, katika eneo lake, ni dawa gani bado inafanya kazi. Mfumo uliojaribiwa Mbeya na Morogoro utoke kwenye utafiti uingie kwenye mwongozo wa taifa.

Kwa atakayesema haya hayawezekani kwetu, jibu ni malaria yenyewe. Kwa miongo mingi homa Afrika Mashariki ilikuwa malaria mpaka ithibitishwe vinginevyo, na dawa zilitolewa kwa kukisia. Klorokwini ikachakaa, kisha SP (sulfadoksini-pirimethamini) ikachakaa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliagiza kila homa inayodhaniwa kuwa malaria ipimwe kabla ya kutibiwa, na wengi walicheka: nani atapima kijijini? Kipimo cha haraka kikafika kijijini, kwa fedha za umma na za wafadhili, na leo hata mama anayemleta mtoto huuliza mwenyewe kama amepimwa. Hatukubadilishwa na mabango. Tulibadilika kwa sababu mtu fulani alilipia jibu la swali la kwanza. Swali la pili, kama si malaria ni nini, limesimama mezani kwa muda wote huo, na mapokezi yake yataonekana kwenye kasma ya maabara katika bajeti ijayo ya afya kuliko kwenye hotuba yoyote.